Kuchagua fito za kupitishia nyaya darini na ukutani: mwongozo kwa mfugaji wa kuku

Leo tunaacha kidogo mambo ya chanjo na chakula, tunapanda darini.

Banda la kisasa siyo lile la taa moja inayoning'inia katikati. Kijana anayefuga kuku wa nyama 1,000 kwenda juu ana taa za kupasha joto vifaranga, ana feni, ana pampu ya maji, ana kipimajoto chenye waya wa kihisio, ana kamera ya ulinzi. Wengine wana mashine ya kutotoleshea kwenye chumba cha pembeni. Kila kimoja kina waya wake, na kila msimu unaongeza kingine.

Nyaya zikiachwa zining'inie ovyo, kuku watazidonoa, panya watazitafuna, na siku ya kuosha banda maji yatazifikia. Kwa hiyo zinatakiwa zipite juu ya dari au ndani ya paipu. Sasa swali linakuja: utapitishaje waya mita kumi na tano juu ya dari ambako mkono haufiki, bila kubomoa dari yenyewe? Kifaa cha kazi hiyo ni fito za kuvutia nyaya, yaani vijiti virefu vinavyopinda bila kukatika, unavisukuma mpaka upande wa pili, unafunga waya, unavuta.

Niseme mapema: mimi ni afisa ugani, siyo fundi umeme. Naandika kwa upande wa mfugaji, mtu anayelipia kazi na ambaye hasara itamfikia yeye. Na hasara ipo kweli. Kifaranga wa siku moja hana uwezo wa kujipasha joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi pale alipo. Waya uliolazimishwa kupita kwenye msumari wa kenchi ukachubuka hauonyeshi kosa siku hiyo. Unaonyesha usiku, taa zikizima, vifaranga wanarundikana kutafuta joto, wa chini wanakosa hewa. Asubuhi unahesabu mizoga. Na hiyo ni afadhali, kwa sababu waya huohuo ukipiga cheche juu ya vumbi na manyoya makavu, utahesabu jivu.

Kwa hiyo jambo moja nataka ulishike leo: fito zinachaguliwa kwa kuangalia njia zitakazopita. Hazichaguliwi kwa bei peke yake, wala kwa sababu jirani anazo.

Anza kwa kuchora njia

Kabla hujaenda dukani, chukua karatasi na futi ya kupimia. Chora banda lako, weka alama meinswichi iko wapi, na kila kifaa kitakaa wapi. Halafu jibu maswali manne:

1. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa waya ni mita ngapi?
2. Njia ina kona ngapi?
3. Inapita wapi: juu ya dari iliyo wazi, ndani ya paipu, au ndani ya ukuta?
4. Unavuta nini: waya wa umeme wa milimita 2.5, au kebo nyembamba ya kamera?

Swali la tatu ndilo watu wengi wanalipita haraka. Kuta za mabanda yetu mengi ni matofali ya saruji yasiyo na tundu ndani. Ukuta wa namna hiyo hauna nafasi ya ufito kupita, hata ununue wa bei gani. Hapo unachimba mfereji na kulaza paipu, au unapitisha waya nje ya ukuta ndani ya trankingi ya plastiki. Ufito utakusaidia baadaye, kuvuta waya ndani ya hiyo paipu. Ukuta wa mbao au plaiwudi wenye pande mbili ni habari nyingine, una uwazi katikati na ufito unapita. Na kama una chumba baridi cha kuhifadhia kuku waliochinjwa, zile paneli zimejazwa povu ndani. Usisukume ufito humo, utaharibu kizuizi cha joto unachokilipia kila mwezi.

Kama jengo ni la zamani na lina dari au paa la asbestosi, usitoboe wala usikwangue chochote. Vumbi lake linaharibu mapafu. Pitisha waya nje, kwenye trankingi.

Vifaa vilivyopo sokoni

Madukani majina ni mengi. Wapo wanaosema springi, wapo wanaosema fishi tepu, na ukisema springi muuzaji mwingine anakuletea ile ya kukunjia paipu za plastiki, ambayo ni kitu kingine kabisa. Usibishane juu ya jina. Mweleze unataka kufanya nini: "Nataka kitu cha kusukuma juu ya dari mita kumi nivute waya." Ataelewa. Utaonyeshwa mojawapo ya hivi:

*Waya wa chuma wa kawaida.* Huu wa mabati mnene ndio wengi wameanzia. Ni rahisi na unapatikana kila kijiji. Unafaa njia fupi, mita mbili tatu, isiyo na kona. Ukishapinda haunyooki tena, ncha yake inachana nyaya nyingine, na unapitisha umeme. Kwa mfugaji wa kibiashara huu ni wa dharura tu.

*Tepu ya chuma.* Ni ukanda mwembamba wa chuma uliozungushwa ndani ya kasha, mara nyingi mita 15 hadi 30. Ni mzuri sana ndani ya paipu, kwa sababu paipu inauongoza. Juu ya dari iliyo wazi hauna faida: unajikunja kurudi kwenye umbo lake la duara na kwenda unakotaka wenyewe. Nao unapitisha umeme, na unashika kutu.

*Tepu ya nailoni au ya faiba.* Kazi yake ni ileile ya ndani ya paipu, lakini haishiki kutu na haipitishi umeme kirahisi kama chuma. Ya nailoni ni laini, inapita kona vizuri, ila kwenye paipu ndefu yenye nyaya nyingine tayari inakosa nguvu ya kusukuma.

*Fito za faiba.* Hizi ndizo fito hasa. Zimetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi ngumu. Nyingi huja vipande vya mita moja moja vyenye skrubu kwenye ncha, unaviunga kimoja baada ya kingine kadiri unavyosukuma. Ufito unabaki umenyooka ukiwa hewani, kwa hiyo unavuka kutoka kenchi moja hadi nyingine bila kuanguka chini. Kwa kazi ya juu ya dari hakuna kinachozifikia.

Kwa kifupi: ndani ya paipu ni tepu, juu ya dari ni fito. Mwenye banda lenye vyote viwili, na wengi mnavyo, atahitaji vyote viwili au fundi mwenye navyo.

Unene, ugumu na idadi

Fito za faiba huuzwa kwa unene, kuanzia milimita 3 au 4 hadi 6 na zaidi. Nyembamba inapinda sana lakini inalegea. Nene inakwenda mbali imenyooka lakini haitaki kona. Watengenezaji wengine hupaka rangi kutofautisha ugumu, ila rangi hizo hazifanani kati ya kampuni na kampuni. Usinunue kwa rangi, shika kwa mkono.

Njia ninayowashauri vijana ni kununua seti ya mchanganyiko. Mbele unaweka ufito mmoja au miwili laini, ule unaotafuta njia na kuzunguka vizuizi. Nyuma yake unaunga zile ngumu, ambazo kazi yake ni kusukuma. Ukifanya kinyume, ile ngumu itagonga papi na kusimama, na ile laini itajikunja nyuma yake kama upinde.

Sasa hesabu. Chukua banda la mita 20 kwa 8, lenye dari. Meinswichi iko kwenye stoo upande mmoja, na taa ya mwisho ya vifaranga iko upande wa pili. Ukisukuma kutoka stoo hadi mwisho, unahitaji fito 20, na kufikia mita ya kumi na tano uzito na msuguano vimekuzidi. Lakini ukiacha mlango mdogo wa dari katikati ya banda, unasukuma mita 10 kwenda kila upande. Fito 12 za mita moja zinatosha, mbili zikiwa za akiba. Mlango wa dari wa sentimita 60 kwa 60 unagharimu kipande cha mbao na bawaba mbili, na utautumia miaka yote kukagua panya na popo. Kabla ya kununua fito nyingi zaidi, fikiria kwanza kuongeza mlango.

Kwa paipu hesabu ni nyingine. Pima urefu kati ya boksi na boksi, ongeza mita mbili za kushikia. Kona mbili kati ya boksi mbili zinavutika bila shida. Zikifika nne, weka boksi jingine katikati, usitegemee nguvu. Na usijaze paipu. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba nyaya zikiwa tatu au zaidi zisichukue zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani. Paipu ya milimita 20 ina tundu la ndani la kama milimita 16. Ukichora duara hilo kwenye karatasi na kupanga vipande vya waya wako ndani yake, utaona mwenyewe mapema kama unahitaji paipu ya 25.

Vichwa vya mbele

Ufito bila kichwa ni fimbo tu. Seti nzuri huja na vichwa vya kufunga kwenye skrubu ya mbele. Vinavyofaa bandani ni hivi:

- Pete au jicho, la kufungia waya wakati wa kuvuta. Bila hili seti haina maana.
- Ndoano, ya kushika waya uliolala mbali na kuuvuta karibu.
- Kichwa cha mviringo, kinachoteleza juu ya papi na misumari bila kukwama.
- Sumaku na mnyororo mdogo. Unadondosha mnyororo ndani ya ukuta wa plaiwudi kutoka juu, unaunasa kwa sumaku kutoka kwenye tundu la swichi chini.

Seti yenye vichwa kumi na viwili inapendeza machoni, lakini hivyo vinne ndivyo utakavyovitumia. Wengine wanafunga tochi ndogo mbele ya ufito kwa tepu ya umeme, na inasaidia.

Kagua dukani kabla ya kulipa

Usione haya. Mwambie muuzaji afungue pakiti, kisha:

Tazama ufito kwenye mwanga. Ukiona mistari myeupe ya kuvuka, hapo ulishapinda kupita kiasi na nyuzi zimeanza kukatika ndani. Rudisha.

Pitisha kitambaa cha pamba kutoka ncha hadi ncha. Kikinasa, nyuzi za kioo zimetoka nje. Nyuzi hizo zinaingia kwenye ngozi na kuwasha kwa siku kadhaa. Chagua fito zilizofunikwa kwa plastiki laini nje, na hata hizo zishike ukiwa na glavu.

Shika kifuniko cha chuma cha kwenye ncha, pale penye skrubu, uvute na kuzungusha. Kikicheza, kiache. Fito nyingi zinaharibika hapo, siyo katikati. Kifuniko kikichomoka ukiwa mita nane ndani ya dari, zile nane zimebaki huko.

Unga fito tatu, ziinue upande mmoja uone zinavyolegea. Halafu zipinde polepole uone zinavyorudi. Zilizo nzuri zinarudi kunyooka zenyewe. Kama muuzaji anasema usipinde zitavunjika, basi amekujibu.

Mwisho, uliza kama fito moja moja za akiba zinapatikana. Skrubu za kampuni moja si lazima ziingie kwenye za nyingine. Seti ambayo huwezi kuiongezea ufito ukivunjika ni seti ya msimu mmoja.

Mambo ya banda ambayo fundi wa mjini hayajui

Hapa ndipo naingia kwenye kazi yangu. Banda la kuku siyo sebule.

Kwanza, amonia. Ile harufu kali inayotoka kwenye maranda yaliyolowa ni gesi inayokula shaba na metali zenye shaba ndani yake. Vifuniko vya ncha za fito nyingi ni vya shaba nyeupe au ya njano. Ukiacha seti yako imening'inia bandani miezi sita, ncha zitafanya ufa na zitavunjika siku ya kazi. Gesi hiyohiyo inashambulia ncha za nyaya kwenye soketi, ndiyo maana maungio yote yakae ndani ya boksi lililofungwa vizuri. Hifadhi fito stoo, pakavu, ndani ya bomba la plastiki lenye vifuniko, zikiwa zimelala sawasawa. Juani pia usiziache, jua linakausha gundi yake.

Pili, magonjwa. Huyu fundi alikuwa darini kwa nani jana? Fito zake zimepita kwenye vumbi, manyoya, kinyesi cha panya na cha ndege wa porini, halafu leo zinaingia kwako. Mdondo, ambao wengine mnauita kideri, unasafiri kwa vifaa na nguo bila shida yoyote. Kama unamzuia mnunuzi wa kuku asiingie bandani na viatu vyake, fito nazo zina sheria hiyo. Zifutwe vumbi kwanza, halafu zipitishiwe kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu unayotumia bandani, zikauke, ndipo zipande. Fundi mwenyewe avae ovaroli na buti za shambani kwako.

Tatu, wakati. Kazi ya darini ifanyike kati ya kundi na kundi: kuku wameuzwa, maranda yametolewa, banda limeoshwa na limekauka. Ukisukuma fito juu ya dari kuku wakiwa chini, vumbi linawashukia, wanashtuka na kukimbilia kona moja. Panga na fundi tarehe mapema, maana siku zile za kupumzisha banda zinakwenda haraka.

Nne, matundu. Kila tundu ulilotoboa kupitisha waya ni mlango wa panya. Povu la dukani pekee wanalitafuna. Weka wavu mdogo wa chuma kuzunguka paipu kisha ziba kwa saruji.

Usalama, na hapa usinipuuze

Faiba haipitishi umeme kirahisi, na kuna vijana wanaosikia hivyo wakadhani hakuna haja ya kuzima. Ufito uliolowa au uliojaa vumbi lenye unyevu unaweza kupitisha. Ncha zake ni chuma. Na waya unaouvuta ndani yake ni shaba. Kwa hiyo zima meinswichi, hakikisha kwa testa, na weka mtu au kufuli asije mwingine akawasha akidhani umeme umekatika.

Mwenye sola na inverta asome mara mbili. Ukizima umeme wa TANESCO, inverta nyingi zinaona kama umeme umekatika na zinawasha nyaya za bandani zenyewe kutoka kwenye betri. Umezima, na nyaya bado zina umeme wa volti 230. Zima inverta pia, tenganisha betri. Na nyaya zinazotoka kwenye paneli kuja ndani zina umeme muda wote jua likiwaka, hata kila kitu kingine kikiwa kimezimwa. Jua ziko wapi kabla hujasukuma kitu chochote darini. Jenereta inayojiwasha yenyewe ni hivyohivyo.

Hatua ya nani afanye nini iwe wazi. Kebo ya kamera, ya intaneti au ya kihisio cha joto unaweza kuivuta mwenyewe, huku umeme ukiwa umezimwa. Waya wa umeme wa taa, soketi, feni na pampu ni kazi ya fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, na kwa ndugu zetu wa Kenya ni EPRA. Mwombe akuonyeshe. Na mwambie aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampia 30, kwa sababu bandani kuna maji na mikono yenye maji.

Namna ya kuvuta bila kuumiza waya

Ukiunga fito, kaza kila ungio kwa mkono. Ukitaka kuzungusha ufito ili upite kizuizi, zungusha kuelekea upande wa kukaza tu, yaani kulia. Ukizungusha kushoto, unafungua skrubu ukiwa huku, na fito zinabaki kule.

Waya ukishafika kwenye pete, ondoa ganda kama sentimita kumi, kunja shaba kupitia pete, irudi juu yake yenyewe, halafu funga tepu ya umeme kuanzia kwenye pete kurudi nyuma, iwe nyembamba mbele na nene nyuma kama mdomo wa karoti. Fundo likiwa na bega, litanasa.

Vuteni wawili. Mmoja anavuta polepole, mwingine analisha waya kutoka kwenye koili ili usijisokote. Ukikwama, rudi nyuma kidogo, zungusha, jaribu tena. Ukivuta kwa nguvu hapo, ndipo waya unapochubuka. Kebo ya intaneti au kamera ni dhaifu zaidi: kiwango chake cha juu cha kuvuta ni kama uzito wa kilo 11. Ukipita hapo, nyuzi za ndani zinanyooka na kamera inaanza kukatakata picha. Kebo hizo pia zisifungwe pamoja na nyaya za umeme. Ziachie nafasi yake.

Paipu ikiwa ngumu, tumia mafuta maalumu ya kuvutia nyaya. Oili ya injini na grisi usiguse, zinaharibu ganda la waya taratibu.

Na kila unapovuta waya, vuta pamoja nao kamba ya nailoni, uiache humo. Siku ukiongeza feni nyingine, kamba iko tayari na fito hazihitajiki. Katani tunaijua na tunaipenda, lakini inanyonya unyevu na kuoza; kwa kazi hii weka nailoni.

Ununue, uazime, au umwachie fundi?

Kama una banda moja na nyaya zake zimekamilika, usinunue. Fundi mzuri ana fito zake; kazi yako ni kuzikagua na kuzisafisha kabla hazijaingia. Kama uko njiani kujenga banda la pili na la tatu, au unaongeza kamera na vihisio kila msimu, seti ya fito 10 hadi 12 za mchanganyiko na tepu moja ya mita 20 itajilipa. Kuna njia ya katikati pia: vijana wanne wa kikundi kimoja mnanunua seti moja, inakaa kwa mmoja wenu, na inatoka kwa sharti moja tu, isafishwe kwa dawa inapotoka na isafishwe tena inaporudi. Bei zinatofautiana sana kati ya Kariakoo na dukani mkoani, kwa hiyo uliza maduka matatu, ukiwa na orodha yako ya unene, idadi na vichwa mkononi.

Kwenda dukani bila orodha ndiko kunakomfanya mtu arudi na tepu ya chuma ya mita 30 wakati banda lake halina paipu hata moja. Wiki hii, kabla ya kundi lijalo, panda ngazi, fungua dari, pima. Andika mita, andika kona, andika panya wamepita wapi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini.

Kazi njema, na vifaranga wenu walale kwenye joto.